Maswali ya Wasomaji: Mikroglia, Seli Kinga Zinazoishi Ubongoni

Ubongo una seli kinga zake wenyewe, ziitwazo mikroglia. Ni takriban asilimia 5 hadi 10 ya seli zote za ubongo. Barua za mwezi huu zinaonyesha kwamba wasomaji wamezisikia darasani, wodini na kwenye matangazo ya vidonge. Majibu yameandikwa na jopo letu la madaktari na watafiti wa mfumo wa neva.

SWALI: Shikamoo daktari. Ninasoma uuguzi, mwaka wa pili. Kitabu chetu kinasema mikroglia "huamka" ubongo unapovamiwa. Je, kabla ya hapo huwa zimelala? Naomba pia hatua kwa hatua: nini hutokea tangu hatari inapoingia mpaka mambo yanapotulia?

JIBU: Marahaba. Hazilali. Kwa miaka mingi ziliitwa seli zilizopumzika kwa sababu zilitazamwa kwenye vipande vya ubongo uliokwisha kufa. Mwaka 2005 makundi mawili ya watafiti, moja la Ujerumani na jingine la Marekani, yalizitazama kwenye ubongo wa panya walio hai kwa darubini ya leza. Yalikuta mikono yao myembamba ikirefuka na kufupika bila kukoma, kwa mwendo wa takriban mikromita 1.5 kwa dakika. Mwili wa seli hubaki mahali pake na mikono ndiyo inayopekua. Kila seli ina eneo lake, na zote kwa pamoja hupitia tishu nzima ya ubongo kila baada ya saa chache.

Wanafunzi wengi huanza maelezo na adui. Anza mapema zaidi, na ishara za utulivu. Niuroni (seli ya neva) yenye afya haiachi kuiambia mikroglia "tulia": hutoa protini ya CX3CL1 inayopokelewa na kipokezi cha CX3CR1, na juu ya utando wake hubeba CD200 na CD47, ambayo huzuia isimezwe. Niuroni ikifa au ikiugua, ishara hizo hupungua. Kwa hiyo mikroglia hujua kuna jambo kwa kukosa kitu ilichozoea kukipata, hata kabla haijagusana na mvamizi.

Kisha huja ishara za hatari zenyewe, nazo ni za aina mbili. Nyingine hutoka kwa mvamizi: sehemu za ukuta wa bakteria fulani hushikwa na kipokezi cha TLR4, na vinasaba vya virusi hushikwa na vipokezi vingine vya jamii hiyohiyo. Nyingine hutoka kwenye seli zetu zilizojeruhiwa. Muhimu zaidi kati yake ni ATP, molekuli ya nishati ambayo kwa kawaida hukaa ndani ya seli. Ikimwagika nje, mikroglia huipokea kwa kipokezi cha P2Y12 na kuielekea. Katika majaribio yale ya 2005 watafiti walijeruhi nukta ndogo kwa leza, na ndani ya nusu saa hivi mikono ya seli za jirani ilikuwa imefika na kulizingira jeraha pande zote.

Jeraha likiwa dogo, kazi huishia hapo. Mabaki humezwa, mikono hurudi kwenye doria, na mwenye ubongo hajui lolote. Hili ndilo hutokea mara nyingi zaidi, na ndilo linalosahauliwa zaidi kwenye vitabu.

Hatari ikiwa kubwa, seli hubadilika umbo: mikono hufupika na kunenepa, mwili hutanuka, P2Y12 hupungua, na vifuko vya kumeng'enya huongezeka. Pia seli huzaliana. Wakati huohuo huanza kutoa saitokini (kemikali ambazo seli kinga hutumia kupashana habari), hasa TNF, IL-6 na IL-1β. Hii ya mwisho ina kufuli mbili, na inafaa uielewe vizuri. Ishara ya kwanza huifanya seli itengeneze IL-1β ambayo bado haifanyi kazi. Ishara ya pili, kwa mfano potasiamu kuvuja kutoka ndani ya seli kwenda nje, huunganisha mtambo wa protini uitwao inflamasomu ya NLRP3, nao huamsha kimeng'enya cha kaspesi-1 kinachoikata IL-1β iwe kali. Bila ishara zote mbili, kemikali hiyo haitoki. Ni kinga dhidi ya kuwasha moto kwa bahati mbaya ndani ya kiungo ambacho niuroni zake zikifa kwa kawaida hazipati mbadala.

Baada ya hapo mikroglia huhusisha wengine. Kwa kutoa IL-1α, TNF na C1q hubadilisha tabia ya astrosaiti (seli za ubongo zinazozihudumia niuroni), kama ilivyoonyeshwa mwaka 2017. Kwa kuzichokoza kuta za mishipa midogo huruhusu chembe nyeupe kutoka kwenye damu zishike na kupenya. Kuanzia hapo uharibifu wa pembeni unaweza kuwa mkubwa kuliko jeraha la awali.

Hatua ya kufunga ni kazi kamili, wala si uchovu tu wa seli. Mabaki humezwa, kemikali za kutuliza IL-10 na TGF-β hutolewa, na ishara za utulivu kutoka kwa niuroni hurejea. Lakini sharti moja lazima litimie: kichokozi kiwe kimeondoka. Kikibaki, iwe ni virusi vilivyojificha au protini zilizogandamana, seli hukwama katikati ya safari. Magonjwa mengi sugu ya ubongo yana sura hiyo.

Ushauri wa mtihani: epuka kuzigawa kuwa M1 "mbaya" na M2 "nzuri". Mwaka 2022 kundi kubwa la wataalamu wa fani hii lilipendekeza mgawanyo huo uachwe, kwa kuwa seli halisi haziko hivyo. Taja seli inafanya nini na inatoa nini.

SWALI: Kwa hiyo hizi ni chembe nyeupe za damu zilizohamia ubongoni? Na zikifa, zinarudishwa?

JIBU: Si za damu. Mababu zake hutoka kwenye kifuko cha kiiniyai kinachoambatana na kiinitete katika wiki za mwanzo, kabla uboho haujaanza kazi ya kutengeneza damu. Huhamia kwenye ubongo unaochipuka na kubaki humo. Hili lilithibitishwa kwa panya mwaka 2010, zaidi ya miaka 90 tangu Mhispania Pío del Río-Hortega azitenge na kuzieleza kwa rangi ya fedha mwaka 1919.

Hujirudisha zenyewe kwa kugawanyika. Utafiti wa mwaka 2017 uliopima kaboni-14 kwenye ubongo wa binadamu ulikadiria kwamba asilimia 28 hivi hubadilishwa kila mwaka, na wastani wa umri wa seli moja ni zaidi kidogo ya miaka 4. Ili ziishi zinahitaji ishara kupitia kipokezi cha CSF1R. Panya wakipewa dawa ya kukizuia, karibu mikroglia zote hufa ndani ya wiki chache. Dawa ikisimamishwa, zile chache zilizobaki huujaza ubongo upya.

SWALI: Mama yangu ana miaka 79. Alipata U.T.I. (maambukizi ya njia ya mkojo), na usiku huohuo akaanza kuona watu wasiokuwepo na kutukana, jambo ambalo si tabia yake kabisa. Baada ya siku kadhaa za dawa alitulia. Ndugu wanasema ndiyo anaanza kupoteza akili. Je, wale bakteria walipanda mpaka ubongoni?

JIBU: Pole, na mpe mama pole zetu. Yaelekea sana bakteria hawakufika ubongoni. Habari ndiyo iliyofika.

Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi kikali, lakini habari za maambukizi hukivuka kwa njia kadhaa. Neva ya vegasi hubeba ishara kutoka kifuani na tumboni. Kuna sehemu ndogo za ubongo ambako kizuizi hicho kimelegea kwa makusudi ili zionje damu. Na seli za kuta za mishipa yenyewe, zikiguswa na saitokini zilizo ndani ya damu, hutoa prostaglandini E2 upande wa ubongo. Mikroglia hupokea habari hizo na kutoa saitokini zake. Matokeo yake kila mtu anayajua: homa, kukosa hamu ya kula, usingizi, kutotaka kuongea na watu. Kwa kijana ni utaratibu wenye faida, maana mwili huweka akiba ya nguvu zake kwa ajili ya mapambano.

Kwenye ubongo wa uzeeni, hasa wenye ugonjwa wa kumbukumbu ambao haujajitokeza, mikroglia tayari zimekaa chonjo. Ishara za utulivu kutoka kwa niuroni zimepungua, na mabaki ya kumeza yameongezeka. Majaribio ya wanyama yameonyesha wazi kwamba kichokozi kilekile kidogo huleta kwao mwitikio mkubwa na wa muda mrefu zaidi. Niuroni zinazotumia asetilikolini, ambazo ndizo hushikilia umakini, huathirika mapema. Mtu huchanganyikiwa ghafla. Hali hiyo kitaalamu huitwa deliriamu.

Itofautisheni na dimensia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na akili, hivi. Deliriamu huanza ndani ya saa au siku chache, hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na kinachopotea kwanza ni umakini. Dimensia huja polepole kwa miezi na miaka. Nyumbani mwombeni ataje siku za wiki kuanzia Jumapili kurudi nyuma. Mzee aliyeweza kufanya hivyo wiki iliyopita na leo anapotea njiani apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kuna pia sura ya kimya, ambayo hukosewa mara nyingi sana: mzee hatukani mtu, analala tu, anajibu kwa neno moja, anaacha chakula. Familia hushukuru kwamba "ametulia" kumbe hali ni mbaya kuliko ya yule anayepiga kelele.

Hospitalini ulizeni kama wamepima oksijeni, sukari, chumvi za damu hasa sodiamu, na kama kibofu kimejaa mkojo usiotoka au choo kimefunga. Pelekeni dawa zake zote, pamoja na zile zilizonunuliwa dukani bila cheti. Klofeniramini na promethazini za mafua na mzio, amitriptilini, na diazepamu zinaweza kuleta hali hii zenyewe au kuizidisha. Msimpe dawa ya usingizi kwa uamuzi wenu. Tahadhari nyingine: wazee wengi wana bakteria kwenye mkojo bila ugonjwa wowote. Kipimo cha mkojo kikionyesha bakteria lakini hana homa, maumivu wala dalili nyingine ya mkojo, chanzo halisi kinaweza kuwa mapafu, dawa au kiharusi, na kitapitwa ikiwa kila mtu ameridhika na jibu la U.T.I.

Wakati wa kuuguza: avae miwani yake na kifaa cha kusikia, anywe maji ya kutosha, apate mwanga mchana na giza usiku, ainuliwe atembee, na awepo mtu mmoja anayemfahamu badala ya zamu ya nyuso ngeni. Msibishane naye kuhusu anachokiona.

Kuhusu ndugu: deliriamu yenyewe si dimensia, na mama kutulia baada ya kutibiwa ni dalili njema. Hata hivyo inaongeza uwezekano wa dimensia baadaye, na wakati mwingine ndiyo tukio la kwanza linalofichua tatizo lililokuwepo. Afanyiwe kipimo cha kumbukumbu baada ya miezi mitatu hivi, akishapona kabisa. Kikifanywa wodini kitatoa majibu ya kupotosha.

SWALI: Kaka yangu alilazwa kwa homa ya uti wa mgongo ya bakteria. Nilishangaa kuona wanamchoma steroidi pamoja na antibayotiki. Steroidi si hupunguza kinga? Kwa nini umnyang'anye mgonjwa silaha katikati ya vita?

JIBU: Kwa sababu katika ugonjwa huu sehemu kubwa ya madhara hutokana na mwitikio wenyewe. Antibayotiki inapowapasua bakteria, vipande vya kuta zao na sumu zao humwagika kwa wingi kwa mpigo mmoja. Seli kinga za utando wa ubongo na mikroglia zilizo chini yake hukutana na kichokozi kikubwa kuliko cha saa moja kabla. TNF na IL-1β hupanda, mishipa huvuja, ubongo huvimba ndani ya fuvu lisilotanuka, na sikio la ndani huharibika. Ndiyo maana baadhi ya wanaopona hubaki viziwi.

Muda ndio kila kitu hapa. Deksamethasoni, ndiyo steroidi inayotumika hapa, huzuia seli isianze kuandika maagizo ya kutengeneza saitokini. Zikishatengenezwa na kumwagwa, dawa imechelewa. Kwa hiyo dozi ya kwanza hutolewa dakika 10 hadi 20 kabla ya antibayotiki au pamoja nayo. Kwa mtu mzima kawaida ni miligramu 10 kila baada ya saa 6 kwa siku 4. Kwa mtoto hupigwa hesabu ya miligramu 0.15 kwa kila kilo ya uzito. Lakini antibayotiki isicheleweshwe hata kidogo kwa kuisubiri steroidi.

Ushahidi wake hauko sawa kila mahali. Jaribio la Ulaya lililotangazwa mwaka 2002 lilishusha vifo vya watu wazima wenye bakteria wa pneumokoki kutoka asilimia 34 hadi 14. Jaribio la Malawi la mwaka 2007 halikuona faida, na wagonjwa wengi wa huko walikuwa na VVU na walifika wakiwa wamezidiwa. Kwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi wa kriptokoki kwa watu wenye VVU, jaribio la mwaka 2016 lilionyesha kwamba deksamethasoni inaleta madhara. Kwa ya kifua kikuu, steroidi hutolewa kwa wiki kadhaa na kupunguzwa taratibu. Kwa hiyo jina la mdudu lazima litafutwe: daktari akitaka kuchukua maji ya uti wa mgongo, kubalini. Kipimo hicho ndicho kinachoamua kama steroidi iendelee au isimamishwe.

Na kaka apimwe usikivu kabla ya kuruhusiwa au mapema baada ya hapo, hata kama anasema anasikia vizuri.

SWALI: Natumia ARV, na virusi havionekani kwenye damu yangu kwa miaka mingi. Nimesoma kwamba virusi hubaki ubongoni. Je, ni kweli, na nifanye nini?

JIBU: Ni kweli. Mikroglia zina CD4 na CCR5, milango ileile ambayo VVU hutumia kuingia kwenye seli nyingine. Virusi hufika ubongoni katika wiki za mwanzo za maambukizi, na kwa kuwa seli hizi huishi kwa miaka, hutunza vinasaba vya virusi bila kufa. ARV huzuia seli mpya zisiambukizwe lakini haiondoi kilichokwisha kujiandika ndani ya seli.

Dimensia kali ya VVU imekuwa nadra kwa wanaotumia dawa vizuri. Baadhi hufikiri polepole au hupata usahaulifu mdogo. Ukiona hivyo, mweleze mhudumu wako kabla ya kuulaumu ubongo: sonona, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, kaswende, pombe na kukosa usingizi huleta dalili zilezile, na vyote vinatibika. Efavirenzi nayo inaweza kuleta ndoto kali, kizunguzungu na mabadiliko ya hisia. Mara chache sana virusi huzaliana kwenye maji ya uti wa mgongo wakati damu iko safi, na hilo hugunduliwa kwa kuyapima maji hayo. Usibadilishe dawa mwenyewe kwa sababu umesoma kwamba nyingine "zinapenya ubongo". Na kuwepo kwa virusi ubongoni hakubadilishi jambo hili: kama havionekani kwenye damu, huviambukizi kwa njia ya ngono.

SWALI: Kuna vidonge vinauzwa vya "kutuliza inflamesheni ya ubongo" ili kuzuia Alzheimer. Baba yangu alikufa na ugonjwa huo. Ninunue? Na kuna kipimo cha damu cha kujua kama mikroglia zangu zimechafuka?

JIBU: Usinunue. Tunasema hivyo kwa msisitizo kwa sababu wazo lenyewe la "kutuliza" inflamesheni, yaani mwitikio wa seli kinga, lina kasoro.

Mwaka 2013 tafiti mbili zilionyesha kwamba badiliko moja kwenye jeni ya TREM2, liitwalo R47H, huongeza uwezekano wa Alzheimer kwa takriban mara mbili hadi nne. TREM2 ni kipokezi ambacho ndani ya ubongo hupatikana kwenye mikroglia. Kwa hicho hutambua mafuta ya seli zilizokufa na vigandamano vya protini ya amiloidi. Na badiliko hilo huidhoofisha kazi yake. Yaani walio na mikroglia dhaifu zaidi ndio wanaougua zaidi. Zikiwa na nguvu huvizingira vigandamano na kuvibana visidhuru niuroni za jirani. Wanaokosa kabisa TREM2 hupata ugonjwa wa Nasu-Hakola, wenye uvimbe wa maji kwenye mifupa na dimensia wakiwa bado vijana.

Sasa tazama yaliyotokea pale wanasayansi walipojaribu kutuliza. Naproksini na selekoksibu, dawa za kupunguza inflamesheni, walipewa wazee wenye historia ya Alzheimer katika familia, na hazikuwakinga. Minosaiklini, iliyokuwa imewasaidia panya kwa kutuliza mikroglia, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa ALS, ugonjwa unaoua neva za misuli. Matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopewa walidhoofika kwa kasi ya asilimia 25 zaidi ya wenzao. Katika ugonjwa wa miaka mingi, mikroglia hufanya uharibifu mahali pamoja na kufanya usafi mahali pengine, kwa wakati mmoja. Kidonge hakijui kutofautisha. Vidonge vya kukumini ya manjano hufyonzwa kidogo sana, vimewahi kudhuru ini kwa baadhi ya watu, na vinaweza kuongeza kutokwa damu kwa anayetumia warfarini.

Kipimo cha damu cha mikroglia hospitalini hakipo. Kuna picha za PET zinazotafuta protini ya TSPO, lakini hizo ni za utafiti. TSPO hupatikana pia kwenye astrosaiti na kuta za mishipa, na kuna watu ambao kwa urithi wao dawa ya mionzi ya kipimo hicho haishiki vizuri. Anayekuuzia kipimo cha "inflamesheni ya ubongo" kwa tone la damu anakuuzia CRP (kipimo cha jumla cha inflamesheni ya mwili) au kitu kisichohusiana na ubongo.

Weka nguvu na fedha zako kwenye vitu vinavyopunguza vichokozi: shinikizo la damu na kisukari vidhibitiwe, sigara iachwe, usikivu upimwe na kifaa kivaliwe kikihitajika, kichwa kilindwe kwa kofia ngumu na mkanda wa gari, mazoezi yasipungue dakika 150 kwa wiki, chanjo ziwe kamili. Usingizi nao una nafasi yake. Tafiti za panya za mwaka 2019 ziligundua kwamba noradrenalini ya wakati wa kuwa macho huzuia mikono ya mikroglia isitanuke, na kwamba ikipungua seli hupekua eneo kubwa zaidi.

SWALI: Ninafanya shahada ya uzamili. Mikroglia ninazozitoa kwenye ubongo wa panya zinaonyesha jeni za hatari hata kwenye kundi nisilolichokoza. Kwenye picha pia Iba1, protini ya kutambulisha mikroglia, imejaa kila mahali. Nakosea wapi?

JIBU: Anza na joto. Kama unayeyusha tishu kwa vimeng'enya kwenye nyuzi 37 kwa nusu saa, wewe mwenyewe ndiye kichokozi: Fos, Jun na jeni za saitokini hupanda wakati seli ziko mikononi mwako. Saga kwa mkono kwenye barafu, na kila kitu kibaki nyuzi 4 mpaka mwisho. Kama vimeng'enya haviepukiki, ongeza kizuizi cha unakili kama aktinomaisini D kuanzia hatua ya kuosha mishipa, na uishughulikie kwa glovu ndani ya kabati la usalama kwani ni sumu. Osha mishipa kwa bafa ya baridi mpaka ini lipauke, la sivyo monosaiti za damu zitahesabiwa kama mikroglia. Tumia dawa ileile ya usingizi, saa ileile ya siku, kwa makundi yote.

Pili, shuku endotoksini. Protini ya amiloidi au alfa-sinukleini iliyotengenezwa ndani ya bakteria wa E. coli mara nyingi huja na mabaki ya ukuta wao, na hapo unachopima ni TLR4. Pima kwa kipimo cha LAL. Kisha chemsha sehemu ya protini yako: endotoksini huvumilia kuchemshwa, protini nyingi hazivumilii. Mwitikio ukibaki vilevile baada ya kuchemsha, protini yako haikuhusika.

Kama unazikuza kwenye sahani, seramu ni tatizo la tatu. Kwenye ubongo wenye kizuizi kizima, mikroglia haikutani na seramu. Ikikutana nayo hudhani mshipa umepasuka. Tumia chakula kisicho na seramu chenye CSF1 au IL-34, TGF-β na kolesteroli. Hata hivyo seli hupoteza sehemu ya utambulisho wake ndani ya saa chache tu za kutoka ubongoni, kwa hiyo hitimisho lolote la sahani lithibitishwe kwenye tishu. Ukitaka kuzichokoza kwa LPS (endotoksini yenyewe), usirukie nanogramu 100 kwa mililita kwa sababu wengine wametumia. Fanya mfululizo wa 0.1, 1, 10 na 100, na uchukue sampuli saa ya 1, ya 6 na ya 24. TNF hupanda mapema, IL-10 huja nyuma yake, na sampuli ya saa moja pekee itakuficha nusu ya mwitikio.

Kuhusu Iba1: huonekana kwenye makrofaji zote, za ubongo na za damu, na kung'aa kwake zaidi si ushahidi wa jambo lolote peke yake. Iambatanishe na P2Y12 na TMEM119, ukikumbuka kwamba zote mbili hupungua kwenye tishu inayougua. Seli isiyo nazo karibu na jeraha inaweza kuwa mikroglia iliyobadilika. CD45 nayo si mwamuzi kamili, kwani mikroglia iliyochokozwa huipandisha hadi kiwango cha seli za damu. Kama unapima umbo, acha vipande vya mikromita 10 vinavyokata mikono. Tumia vya 40 hadi 50, piga picha za tabaka zote, na mwenye kuhesabu asijue kipande ni cha kundi lipi.